Madam wa Mkono wa Kushoto

Alikuwa akishika kipanya cha kompyuta kwa mkono wa kushoto. Hilo ndilo jambo la kwanza nililosikia juu yake, kabla sijamwona sura, na aliyeniambia ni binti yangu Mapendo, amesimama mlangoni na vumbi la njia miguuni, hata salamu hajatoa. Alisema mwalimu mpya ametoka Mbarara, anachora kwa mkono wa kushoto, na mstari wake unanyooka kama uzi uliovutwa na watu wawili. Nilikuwa nachambua maharagwe. Nilimwambia aende kuteka maji.

Tulimwita Madam, wakubwa kwa watoto, na mpaka leo namwita hivyo. Jina lake nalijua, lakini halijawahi kunitoka mdomoni. Mapendo alilitaja vya kutosha kwa niaba ya nyumba nzima.

Kazi yangu mimi ni kutarizi vitambaa: vya meza, vya viti, vya kufunikia redio. Kwetu Kivu ya Kusini tunaita broderi, na kazi hiyo nilifika nayo kambi ya wakimbizi ya Nakivale kwa sababu ilikuwa mikononi, na mikono haikuweza kubaki nyuma. Lakini kuchora sijui. Sindano nitaipitisha fasi yoyote utakayonionyesha, ila ua lenyewe lazima mtu anichoree kwanza kwa penseli juu ya kitambaa. Tangu Mapendo alipokuwa mdogo mtu huyo alikuwa yeye. Jioni tulikaa mkekani, yeye ananitangulia na penseli, mimi namfuata na uzi. Hatukuwa tunazungumza sana. Kichwa chake kilikuwa karibu na changu, basi, na mimi niliona hiyo inatosha.

Halafu shirika moja likaleta kompyuta katika jengo la mabati kwenye njia ya Kabazana, na kompyuta zikaja na Madam.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, Mnyankole wa Mbarara, na saa yake aliifunga upande wa ndani wa mkono, pale mishipa inapoonekana. Alitembea na mto mdogo wa kukalia kwapani, kwa sababu, alisema, benchi mbaya inapindisha mgongo na mgongo ukipinda mstari nao unapinda. Mkoba angeweza kuusahau. Mto, kamwe. Kiswahili chake kilikuwa kile cha sokoni na cha askari, hakina mbele wala nyuma, na watoto wetu walikicheka kwa siri siku za mwanzo. Baada ya muda wakaanza kukisema. Mapendo, aliyekuwa amefundishwa kusema vizuri na baba yake, akaanza kuniambia, "Mama, chakula kwisha iva." Na saa yake ya plastiki akaigeuza upande wa ndani wa mkono.

Wiki za mwanzo hakuwafundisha kitu kingine ila mistari. Kulikuwa na programu ya kuchora, ukurasa mweupe kabisa na rangi zimepangwa pembeni, na watoto walitaka kuchora nyumba na ndege na majina yao. Yeye aliweka nukta moja huku na nyingine kule, akasema watoke hapa wafike pale. Bonyeza, vuta, acha. Akaja tena na nukta mbili nyingine. Kuna wazazi waliolalamika kwamba watoto wanapotezewa muda. Niliwaunga mkono kwa sauti, tena niliongeza yangu.

Alikuwa na maneno yake ambayo wanafunzi waliyabeba mpaka majumbani. "Wewe hapana kimbiza mshale, wewe tuma yeye." Au, "Mkono nalala, jicho natembea." Kuna kitufe cha kufuta ulichokosea, ukibonyeza kosa linapotea kana kwamba halikutokea. Hicho aliwaficha muda mrefu, akakifundisha mwisho kabisa. Alisema anayejua kufuta haangalii anapokwenda. Mapendo alinieleza hilo tukipika majani ya sombe, macho yanamng'aa, na mimi nikamjibu kwamba uzi hauna kitufe cha kufuta na sijawahi kusifiwa kwa hilo. Alinitazama kama mtu aliyesikia kelele nje, akaendelea na habari zake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Madam alikula nasi kila jioni bila kuwepo. Madam amesema chumvi nyingi mbaya. Madam hapendi mtu anayepiga mayowe. Baba Mapendo, ambaye siku zote alirudi shambani amechoka na hana maneno, alianza kumuuliza mtoto, "Leo Madam amesema nini?" na kusikiliza jibu lote. Mimi nilikuwa na habari za soko, za kwaya, za jirani aliyepata ng'ombe. Hakuna aliyeziuliza.

Nisimsingizie. Alikuwa mkali, lakini ukali wake ulikuwa na matundu ya ajabu. Aliyechelewa alisimama nje mpaka kipindi kiishe, na yeye mwenyewe gari la Mbarara likimchelewesha alisimama nje ya mlango wake mwenyewe, na mto kwapani, akiwaacha wanafunzi wafanye mazoezi peke yao. Nilidhani ni hadithi ya watoto mpaka nilipopita siku moja nikamwona amesimama juani kama mtu aliyefukuzwa. Umeme ulipokatika katikati ya kazi na kila kitu kikapotea, wanafunzi walilia. Yeye alicheka. Alicheka mpaka akashika meza, kisha akawaambia wachore kwa kidole juu ya vumbi la meza, kwa kuwa vumbi halikatiki.

Na vumbi tulikuwa nalo. Vipanya vile vilikuwa vya zamani, na ndani vilikuwa na kijipira kizito kinachobiringika, na vumbi letu jekundu lilikuwa likikizingira mpaka mshale unakwama. Kila asubuhi alivifungua kimoja kimoja na kuvisafisha kwa kijiti cha meno na pamba, kama mtu anayesafisha masikio ya mtoto mchanga. Watoto wa mtaani wakagundua kwamba vijipira hivyo ni gololi nzuri kuliko zote. Viliibiwa karibu vyote. Tulingoja aite askari, au afunge darasa. Jumatatu alikuja kutoka Mbarara na mfuko wa gololi za kioo, zenye rangi ndani, akakaa kwenye ngazi akabadilishana na watoto, kitu kwa kitu, bila kumuuliza yeyote aliiba lini. Kila mama pale sokoni alisema mwanamke yule ana moyo. Mimi nilisema ni rahisi kuwa na moyo kwa watoto wa wengine, jioni unawarudisha.

Maana hakuwa na mtoto. Hilo lilijulikana. Hakuwa na mume pia, na kama aliwahi kuwa naye hakumtaja. Nilifikiria sana jambo hilo nikiwa na sindano yangu na kitambaa kitupu. Kwa sababu vitambaa sasa vilikuwa vinabaki vitupu. Mapendo alirudi amechelewa, macho mekundu kwa kutazama kioo cha kompyuta, akaniambia, kesho mama. Kesho akaniambia kesho.

Ndipo nikaenda mwenyewe. Alasiri kulikuwa na darasa la akina mama, wachache, wengi wao walikuja kwa ajili ya kivuli. Nilijiandikisha. Nilimwambia mume wangu nataka kujifunza, naye alifurahi. Nilichotaka ni kumwona yule mtu kwa karibu, nijue ana nini.

Aliniweka kwenye kiti cha Mapendo. Hakujua bado mimi ni nani. Nilikishika kile kipanya kama pasi, nikakiinua hewani, mshale ukakimbilia pembeni ukapotea, na wenzangu wakacheka. Nikabonyeza nikavuta, na mstari uliotoka ulikuwa kama njia ya mbuzi. Akaja nyuma yangu. Akauweka mkono wake juu ya wangu. Kwa wanafunzi alitumia mkono wa kulia, ule ambao si wake, kwa hiyo naye ulimsumbua, na tukaenda polepole kama wagonjwa wawili. Kiganja chake kilikuwa kikavu, baridi kidogo, na hakikubana. Kilikaa tu pale. Mshale ukatoka kwenye nukta ukaenda. Ulipofika, mstari ulikuwa umenyooka, na mimi sikuwa nimefanya kitu, lakini mkono wangu ulijua umefanya.

Nilielewa pale pale binti yangu alichokuwa akikipata katika chumba kile. Kuelewa hakukunisaidia. Mimi nilimfuata mtoto wangu na uzi miaka yote, na sikuwahi hata siku moja kuuweka mkono wangu juu ya wake.

"Wewe iko mkono mzuri," Madam aliniambia. "Nani nafundisha wewe?"

Nilimwambia hakuna aliyenifundisha. Nikamwambia mimi ni Mama Mapendo. Akaondoa mkono wake, akazunguka akakaa mbele yangu juu ya ule mto wake, akanitazama muda mrefu kwa furaha ambayo sikuitaka.

Niliendelea kwenda. Nilijiambia naenda kulinda kilicho changu.

Mwaka uliofuata alikuja nyumbani. Mvua ilikuwa imenyesha, na viatu vyake vyembamba vilikuwa vimejaa tope mpaka kwenye kamba. Alivivua mlangoni bila kuambiwa, akakataa kiti, akakaa mkekani, fasi ya Mapendo. Baba Mapendo alikuwa shambani. Mapendo alikuwa nyuma ya nyumba, na nilijua kwamba anasikiliza, kwa sababu mchi ulikuwa umenyamaza.

Nilimpa chai. Akanieleza kwa Kiswahili chake kwamba Mbarara kuna duka linalotarizi beji za shule kwenye sweta kwa mashine, kwamba mashine hiyo haina akili yake, inafuata mstari ambao mtu ameuchora kwenye kompyuta, na kwamba siku ambazo hafundishi, kazi hiyo ya kuchora anaifanya yeye. Sasa kazi imezidi. Anataka Mapendo.

"Yeye nakaa kwangu, Kamukuzi," alisema. "Iko chumba. Mimi naangalia yeye kama wangu."

Nilikuwa nimeyasikia yote kwa utulivu mpaka neno lile.

"Miye niko na mutoto mumoja," nikamwambia. "Weye uko nao bangapi?"

Nilijua jibu kabla ya kuuliza. Alishika kikombe kwa mikono miwili. Hakukasirika, wala hakuinamisha kichwa.

"Mimi hapana," alisema. "Iko wanafunzi."

Akanywa chai yake yote, akashukuru, akavaa vile viatu vyenye tope, akaondoka. Nyuma ya nyumba mchi ukaanza tena, taratibu, na usiku ule na siku zilizofuata Mapendo hakunisemesha habari ya kazi hata kidogo. Alirudi mkekani. Alichukua penseli bila kuombwa akanichorea vitambaa vyote vilivyokuwa vikisubiri, maua, majani, pembe kwa pembe, mistari safi ambayo sijawahi kuiona. Alikaa mbali kidogo, amenyoosha mgongo. Nilikuwa nimeshinda, na kila mshono nilioushona juu ya mistari ile ulikuwa kama namshonea mtu mwingine.

Baba Mapendo aliniambia kitu kimoja tu. Alisema, "Kama ule mama iko mubaya, nenda uone ubaya wake kwa macho. Kama haiko, sasa sisi tunangoja nini?"

Basi siku moja ambayo Madam hafundishi nikaenda Mbarara. Sikumwambia mtu. Nilitaka nimkute mtu mbaya. Nilitaka nikute chumba kichafu, au mwanamume, au chupa, kitu cha kurudi nacho.

Duka lilikuwa upande wa chini wa mji, na mlango wake ulikuwa wazi. Mashine ilikuwa inapiga kelele katikati, sindano nyingi zinashuka pamoja, na beji za shule zinatokea juu ya sweta za kijani moja baada ya nyingine, haraka hivi kwamba nilisimama. Kazi yangu ya mwezi ilikuwa inapita pale wakati wa kupiga chafya. Madam alikuwa pembeni mbele ya kompyuta, amenipa mgongo, amekalia mto. Alikuwa akichora mguu wa korongo wa beji. Akauchora, hakuridhika, akauanza tena. Kitufe cha kufuta hakukigusa. Alifungua ukurasa mpya mweupe. Mwenye duka, mwanamume mfupi mwenye sauti, alikuja akamsimamia kichwani akimwambia mteja anasubiri, na hapo niliona jambo ambalo nisingeliamini: Madam wetu, aliyewatisha watoto wa Nakivale kwa kutazama tu, alijikunja kwenye kiti kama mwanafunzi. Alisema ndiyo bwana, ndiyo bwana. Alimwogopa.

Kisha mwenye duka akataja yule msichana wa kambini. Walisema kwa Kinyankole, na kwa miaka niliyokaa Isingiro, wilaya ya kambi yetu, masikio yangu yalikuwa yamekizoea. Alisema hataki mkimbizi, leo yupo, kesho ameitwa kupanda ndege ya kuhamia ng'ambo. Madam hakugeuza kichwa, wala sauti hakuipandisha. Alimwambia autazame mstari wa yule mtoto kwanza, halafu ndipo aulize nchi yake. Mwenye duka akasimama kidogo, akaondoka. Madam akarudi kwenye ule mguu wa korongo.

Kompyuta ya pili, iliyokuwa haina mtu, ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa. Nilikitambua kabla sijakisogelea. Kilikuwa cha meza, cha mayungiyungi, kazi yangu, nilichomwekea Mapendo kwa siku ya ndoa yake. Mtoto alikuwa amempa Madam. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilitaka kukivuta. Lakini hakikuwa na doa hata moja, kilikuwa kimepigwa pasi, na ile ndiyo kompyuta aliyokuwa akimwekea Mapendo.

Nilitoka bila kumsalimu. Kule Kabingo, nikisubiri gari la kunipeleka mpaka ndani ya kambi, nilinunua ndizi na sikuweza kuzila. Nilikuwa nimekwenda kutafuta sababu nikaikosa, na hilo liliniudhi kuliko kama ningeipata. Mtu mbaya unaweza kumkatalia mtoto wako. Huyu nilimkatalia kwa nini?

Nilimwambia Mapendo aende, akaondoka msimu wa mahindi. Sikulia mbele yake. Nilimfungia unga na samaki wakavu, na kwa Madam nilituma salamu, basi, salamu tupu.

Baada ya hapo nilijichorea mwenyewe. Darasa la akina mama lilikuwa limenipa mistari, maua sikuyafikia, kwa hiyo vitambaa vyangu vikawa vya mistari: inayokatana, inayopishana, miraba ndani ya miraba. Nilidhani hakuna atakayevitaka. Vilitakiwa. Watu walikuja kuuliza nani amenibadilishia mtindo, na mimi nilijibu ni mawazo yangu tu. Madam, alipopita sokoni Jumatatu moja, aliokota kimoja akakiinua juani, akafuata mstari kwa kidole kutoka mwanzo mpaka mwisho wake, akakirudisha taratibu. Hakumwambia yeyote kwamba mistari ile aliifundisha yeye. Nilimngoja aseme ili nipate la kumjibu.

Mapendo alipiga simu Jumapili baada ya ibada. Kila mara nyuma ya sauti yake nilisikia sufuria, maji, mtu akicheka kidogo. Nilimuuliza amekula nini. Nilimuuliza kama anaumwa mgongo. Siku moja aliniambia kitu kuhusu kijana mmoja, fundi wa pikipiki, Mkongo mwenzetu, mtu wa kanisa. Nilifurahi. Kisha nikasikia kwa jinsi alivyosimulia, haraka, habari imenyooka, kwamba amekwisha kuisimulia mahali pengine kabla yangu.

Walioana. Wakapanga chumba na sebule chini ya kilima cha Kamukuzi, anakokaa Madam, na baada ya muda Mapendo akabeba mimba.

Nilikuwa nimejiandaa kwenda mapema, lakini mtoto aliharakisha. Habari ilinifikia usiku kwamba amejifungua mtoto wa kike, wako salama, kesho wanaruhusiwa. Niliondoka alfajiri. Gari liliharibika njiani, tukakaa tukimtazama dereva akilala chini ya injini, na nilipofika kwenye mlango wa mwanangu jua lilikuwa limepita utosi.

Mapendo alikuwa amelala kitandani, amevimba uso, mzuri. Mume wake alikuwa ametoka kutafuta mkaa. Na kwenye kiti kando ya dirisha, juu ya ule mto wake, alikuwa amekaa Madam, amezeeka, nywele nyeupe pembeni mwa masikio, na mjukuu wangu mikononi mwake.

Nilisimama na mizigo yangu. Nilikuwa nimejichorea kichwani picha ya saa hiyo miezi yote, na katika picha hiyo hakukuwa na mtu kwenye kiti. Nilifikiria kwamba Madam amekwisha kumwogesha, amekwisha kumpaka mafuta, amekwisha kumnong'oneza jina, na mimi nimekuja kama mgeni kuangalia.

Mapendo akanyoosha mkono kutoka kitandani.

"Mama, umekuya," alisema. "Tangu asubui jirani banataka kumuogesha mutoto. Madam anabakatalia. Amekaa naye vile tu, hata chai hajakunywa."

Madam alikuwa amekwisha kusimama. Magoti yalimpa shida. Alimbeba mtoto mpaka kwangu kwa hatua za polepole, kana kwamba sakafu ina utelezi, akamweka mikononi mwangu pamoja na kanga yote.

"Hospitali napanguza tu," alisema. "Mimi nasema kuoga hapana. Bibi yake nakuja."

Mtoto alikuwa mzito kuliko nilivyotarajia, na alinuka damu na maziwa. Nilimfunua. Alikuwa bado na ule utando mweupe kwenye mikunjo ya shingo, haujaguswa na mtu. Nilitaka kumshukuru yule mwanamke; badala yake niliuliza maji yako wapi.

Yalikuwa tayari, kwenye sufuria, yamewekwa pembeni mwa jiko ili yasipoe. Nilichanganya na baridi, nikapima kwa kiwiko. Nilikaa chini, nikanyoosha miguu, nikamlaza mtoto juu ya mapaja yangu jinsi mama yangu alivyonilaza, nikaanza na kichwa. Alilia, kisha akaacha kulia, akafungua jicho moja. Madam alikuja akapiga magoti karibu nami, karibu sana, mikono yake imeinuliwa kidogo, mitupu, kama ya mtu asiyejua aiweke wapi.

"Mimi naweza shika?" aliuliza, kwa sauti ile aliyomjibia mwenye duka.

Nilimtazama. Nikautazama ule mkono wa kushoto.

Nikampa taulo ashike. Mtoto, hapana.